Popo Mwenye Koo la Dhahabu

Hii nimeiona kwa macho yangu mawili, yote mazima. Sikuhadithiwa, wala sikuiokota kwenye kundi la simu. Nilikuwepo tangu wavu wa kwanza unafungwa mpaka gari la tume linageuza, na mtu akikwambia yeye ndiye aliyekuwa ameshika taa, mwambie Kobero amesema aache uongo. Taa niliishika mimi.

Kijiji chetu kiko milimani, upande wa Morogoro, pale ambapo mwenye pikipiki hushuka akaanza kuisukuma. Juu yetu kuna msitu wa Lumango. Ndani yake kuna baridi, kuna ruba, na kuna miti ambayo ukitaka kuona kilele chake kofia inaanguka. Humo ndimo inamotoka chemchemi ya Bi Kidawa. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo chemchemi ile aliipokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na yeye ana mabinti wanaoitegemea.

Sasa mwaka ule ikashuka habari kwamba Lumango itafyekwa ipandwe mikaratusi. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Banzi, akafunga safari kwenda mjini kulalamika. Huko akaulizwa swali moja tu: "Humo msituni mna nini ambacho hakipo kwingine?"

Akasema mna maji. Wakamwambia maji yapo hata bombani. Akasema mna miti. Wakacheka. Akaambiwa tume itakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wakikuta kitu, msitu unabaki. Wasipokuta, mashoka yanaingia.

Ndipo akaja dada mmoja, Daktari Limi. Si daktari wa sindano, ni daktari wa popo. Kazi yake kuwanasa wale popo wadogo wanaokula matunda, kuwatambua ni wa aina gani, kuwaandika, halafu kuwaachia waende zao. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani, hakuna anayemkasirikia mwenzake. Siku ya kwanza nikampokea hivi:

"Mnyamwezi wewe, babu zako walipita hapa wamebeba mizigo ya watu, leo wewe umekuja kubebewa?"

Akanijibu kabla hata hajashusha begi: "Walipopita waliwaachia Waluguru mzigo mmoja, domo. Naona bado mmeubeba."

Nikajua huyu tutafanya naye kazi.

Wavu wa popo ni mwembamba kama nywele ya mtoto mchanga. Unaufunga jioni kati ya miti miwili, karibu na mkuyu wenye matunda yaliyoiva, halafu unasubiri. Popo akinasa, unamtoa taratibu, unamtia kwenye mfuko wa kitambaa atulie kizani, unampeleka kambini kumpima. Mifuko ya Daktari ilikuwa ya bafta nyeupe. Panya wa stoo ya kijiji waliitafuna yote kabla hatujamnasa hata popo mmoja.

Bi Kidawa aliposikia aliingia ndani, akatoka na kanga mpya, doti nzima, manjano ya kuumiza macho, bado ngumu kwa gundi ya dukani. Binti yake alimletea ya sikukuu.

"Mama, hii si ya kukata," Daktari akasema.

"Kata! Popo wakiniokolea maji yangu, sikukuu nitajifunga hata gunia."

Mifuko ikashonwa mchana huohuo, jioni ikaenda msituni. Mmoja niliushona mimi. Ulitoka mzuri kuliko yote, ila uzi ulipitiliza ukaufunga na mdomo.

Popo wa kwanza alinasa giza linaingia. Tulimtoa kwa taa nyekundu, maana taa nyeupe huwasumbua. Alikuwa mdogo wa kulala kiganjani, ana uso wa mbwa aliyesingiziwa wizi, kidevu kinachuruzika maji ya tunda la mkuyu. Tukamtia mfukoni. Kufika kambini, Daktari akawasha taa ya kawaida, akafungua mfuko.

Koo la yule popo lilikuwa manjano tupu, kama mtu aliyekula pilau ya bizari kwa pupa.

"Mtani," akaninong'oneza, "mimi sijui popo wa namna hii."

Jioni ya pili tukanasa mwingine, jike kama yule wa kwanza. Koo la dhahabu. Jioni ya tatu, jike tena. Dhahabu. Mwenyekiti Banzi akapiga picha kwa simu yake, akazirusha mjini kwa kila mwenye cheo aliyekuwa na namba yake. Akatangaza kwamba Lumango ina popo mpya asiyejulikana duniani, na kwamba yeye ana wazo la jina.

"Jina gani, Mwenyekiti?" tukamuuliza.

"Wataalamu wataamua. Lakini Popo Banzi linatamkika vizuri."

Tangu hapo hakuna aliyekaa kitako kijijini. Watu walifagia njia ambayo mvua huizoa kila wiki. Mwenyekiti alitembea kutoka ofisini mpaka barabarani, kutoka barabarani mpaka ofisini, akitafuta mtandao, akitafuta tai, akitafuta mtu wa kumgombeza. Hata kuku walikuwa hawalali kwa wakati. Lakini aliyehangaika kuliko wote alikuwa Daktari Limi, naye hakuwa anahangaika kwa furaha.

Alikuwa akianza kula anaacha. Akianza kuandika anasimama. Anamtoa popo, anamtazama, anamrudisha.

"Mtani, yule wa jana ana manjano mpaka kwenye kiwiko."

"Labda ni tajiri zaidi."

Hakucheka. "Popo awe na dhahabu kwenye kiwiko, ya nini?"

Nikamwambia swali hilo lisimnyime usingizi, kesho Ijumaa, tume inakuja. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa atulie huku amekalia siafu.

Alfajiri ya Ijumaa tulikwenda kwenye wavu mara ya mwisho. Taa nyekundu ikakata. Nikaipiga kofi, nikaibembeleza, nikaitukana kwa Kiluguru, wapi. Ikabidi tusubiri kupambazuke, na kulipopambazuka tulimkuta popo mmoja amenasa, tukamwona wavuni kwa mwanga wa Mungu kwa mara ya kwanza.

Koo lake lilikuwa kijivu, halina manjano hata punje.

Daktari akauinamia wavu. Alimtoa, akamtia kwenye mfuko wa kanga, akaanza kuzunguka mkuyu ule. Akazunguka, akazunguka, mimi namfuata na taa yangu iliyokufa kama mpambe wa bibi harusi. Msitu wa Lumango hauna kitu kikavu; mfuko ulikuwa umelowa, popo mwenyewe amelowa kwa maji ya tunda, kidevu amekibana kwenye kitambaa. Baada ya muda akaufungua.

Koo la dhahabu!

Akachukua pamba yenye maji, akalipangusa koo lile kidogo tu. Pamba ikawa manjano. Akaukamua mfuko. Vidole vikawa manjano.

"Imechuja," akasema. "Kanga imechuja, mtani. Siku zote hizi tunaandika rangi ya kanga."

Hapo hapo tukasikia miguu. Mwenyekiti Banzi, tai shingoni, viatu mkononi.

"Daktari! Gari la tume limeshavuka daraja. Dhahabu wetu yuko wapi?"

"Hakuna dhahabu, Mwenyekiti. Ni rangi ya kanga."

Akaonyeshwa pamba. Akaitazama kama daktari wa sindano amemwonyesha picha ya mapafu yake.

"Nani anajua?"

"Mimi, huyu mtani wangu, na popo."

"Popo hasemi. Kobero..." akanigeukia, "Kobero anasema sana, lakini nani anamwamini? Mrudishe mfukoni, Daktari. Watu wale watakaa saa moja. Waone manjano, waandike, waende. Msitu unabaki. Utakuwa umemuumiza nani?"

"Watakuja wengine kumtafuta, Mwenyekiti. Wasipomwona watasema Lumango haina kitu. Na baada ya hapo, hata mkiwaambia la kweli hawatakuja."

"Hao watakuja lini? Mikaratusi inakuja mwezi ujao!"

Daktari akamfunika popo kwa skafu yake mwenyewe, akashuka naye mlimani haraka mpaka mimi, mwenyeji, nikawa natafuta pa kukanyaga. Hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Bi Kidawa.

Tulimkuta jikoni anapika uji wa wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka? Huyu Kobero amekutania vibaya?"

"Nimekuja kukuvunja moyo, mama." Akamwekea pamba mkononi, akamweleza yote, kuanzia mfuko mpaka koo.

Bi Kidawa akaigeuza ile pamba. Akainusa.

"Kanga yangu," akasema. "Sikuifua. Kila mwanamke anajua kanga mpya hufuliwa kwanza kwa chumvi. Nikaona haraka, nikaona panya, nikaona tume. Sikuifua."

Akakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

"Ukisema, maji yangu yanakwenda."

"Yanaweza kwenda."

"Na usiposema?"

"Yatabaki, mpaka siku mtu mwingine atakapomwosha popo."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, siwezi kuingia, siwezi kutoka. Nje tayari honi ilikuwa inalia. Bi Kidawa akaipua sufuria, akajifuta mikono.

"Basi sema. Ila useme na kanga ilikuwa ya nani. Sitaki kesho waseme mtoto wa watu ndiye aliyempaka popo rangi."

Mkuu wa tume aliitwa Bwana Kalinga. Mtu mzito, mabuti mapya, faili kwapani. Watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji, kina mama wameshaanza vigelegele vya kujaribia. Mwenyekiti akafungua mkutano kwa maneno mengi, nadhani alitarajia gari liharibike au Daktari azimie. Havikutokea. Daktari Limi akasimama.

"Wazee wangu, mama zangu. Picha mlizoziona ni za kweli, lakini koo lile la dhahabu si la popo. Ni rangi ya mifuko niliyowatia. Kosa ni langu, nilipaswa kumtazama popo wavuni kwa mwanga mzuri kabla sijamtazama mfukoni."

"Na kanga ni yangu," Bi Kidawa akasema kutoka nyuma. "Sikuifua."

Halafu kelele zikalipuka.

"Mnyamwezi ametuuza!"

"Angenyamaza tu, ana hasara gani yeye?"

"Popo Banzi ndiye huyo!"

Bwana Kalinga akafunga faili. "Basi tumemaliza kabla hatujaanza," akasema. "Mwenyekiti, asante kwa uji. Twendeni."

Ndipo mvua ikashuka, mvua yetu ya milimani, inayokuja bila kubisha hodi. Barabara ikawa mto. Dereva akatikisa kichwa. Bwana Kalinga akarudi barazani, akaketi kwenye benchi, akawa anaangalia saa.

"Fungasha, Daktari," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya msiba. "Fungasha tu uende kwenu Tabora."

Daktari akaanza kukusanya vitu. Akachukua mizani, akaiweka. Akachukua rula, akaishika, hakuiweka. Akafunua skafu. Popo alikuwa anamtazama, anataka kwake.

"Huyu sijampima," akasema.

"Umpime wa nini sasa?" Mwenyekiti akamaka. "Ametuaibisha haitoshi?"

"Tangu alfajiri nimemsugua tu. Sijamtazama."

"Hana kitu! Wewe mwenyewe umesema hana kitu!"

"Nimesema hana dhahabu."

Akavuta meza ya barazani, akamwosha taratibu kwa pamba mpaka manjano yakaisha kabisa, akampa matone ya juisi ya ndizi, akaanza upya kama ndiyo siku ya kwanza kumwona popo maishani. Mimi naandika, maana mwandiko wangu unasifika. Akapima kigasha, ule mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Akapima uzito. Akampanua bawa.

"Dume," akasema. "Wale wengine wote walikuwa majike."

Akapitisha kidole gumba kooni. Kikasimama. Akakirudisha, akakipitisha tena.

"Mtani, weka kidole hapa."

Nikaweka. Wale majike koo lao lilikuwa laini kama pamba. Huyu, kutoka chini ya sikio hili mpaka chini ya sikio lile, alikuwa na nywele ngumu zimesimama kama brashi ya viatu, zimekaa kama ukosi wa shati. Rangi yake kijivu kama koo lenyewe, hata huwezi kuziona mpaka uambiwe. Manjano ya kanga yalikuwa yamezilaza na kuzificha.

Nikadhani ataruka. Hakuruka. Akamfungua kinywa, akatazama meno. Akapima kigasha mara ya pili. Akafungua kitabu chake cha picha, akatazama, akakifunga, akapima mara ya tatu. Bi Kidawa alikuwa amesimama nyuma yake, anakunja na kukunjua pindo la kanga yake ya zamani.

Bwana Kalinga akainuka kwenye benchi. "Umeona nini?"

"Naomba usiniulize kwanza, mzee."

Hakuna aliyewahi kumwambia mkubwa wa tume maneno hayo kijijini kwetu. Mzee akasimama kimya, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Daktari alipomaliza akainua uso.

"Popo huyu ana jina tayari. Wameshamwandika wenzangu, sehemu chache tu, misitu ya mbali na hapa. Katika mlima huu hajawahi kuandikwa na mtu yeyote."

"Kwa hiyo si mpya."

"Si mpya."

"Lakini jana mlikuwa naye mpya."

"Jana nilikuwa na kanga, mzee."

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanamtukana. Bwana Kalinga hakucheka.

"Nitajuaje kwamba hili nalo halitachuja?"

Daktari akamsogezea bakuli la maji na pamba. "Osha mwenyewe."

Mzee akakunja mikono ya shati. Akalowesha, akasugua ule ukosi, akasugua tena, huku popo analalamika kwa sauti ya mlango mbovu. Akaiinua pamba kwenye mwanga. Ilikuwa na uchafu wa tunda la mkuyu, basi. Akagusa koo lile kwa kidole chake, na nywele ngumu zikasimama palepale.

Akafungua faili. Akaandika muda mrefu, Mwenyekiti anachungulia begani bila kujificha.

"Mikaratusi itasubiri," akasema. "Nitaleta watu wawatafute wenzake, waone wanakula mti gani na wanalala wapi. Mpaka hapo hakuna shoka litakaloingia Lumango." Kisha akamgeukia Daktari. "Ungenionyesha yule wa dhahabu, ningetaka mwili wake niupeleke mjini, hadithi ikaishia kwenye chupa ya maabara. Huyu si wa kupelekwa popote. Huyu ni wa hapa. Wa hapa inabidi nimwache na mti wake."

"Na maji?" Bi Kidawa akauliza.

"Mama, mti huo unakunywa nini?"

Bi Kidawa hakupiga kigelegele. Alichukua ndoo yake, akapandisha njia ya msituni peke yake, na hakuna aliyemfuata. Popo tulimwachia jioni ileile, chini ya mkuyu alikonasia. Hakuaga.

Haya yote ni kweli, na nayatolea kiapo, isipokuwa kitu kimoja: mvua. Mvua nimeiweka mimi. Ijumaa ile jua lilikuwa linachoma mawe, barabara kavu, gari limeshawashwa. Bwana Kalinga alikuwa na mkono kwenye mlango. Akamwona yule dada anashika rula, anaanza kupima upya wakati hakuna tena aliyemtazama wala kumpa sifa. Akarudi mwenyewe, akaketi. Nimeweka mvua kwa sababu ningesema mkubwa wa tume alikaa kwenye benchi kwa hiari yake kumsubiri mtu, mngeniita mwongo.

Mrushie hadithi hii na mwenzako ambaye leo ameaibika na anafungasha.

Funzo: Ukweli ukikuvua sifa ya bandia, usiharakishe kuondoka, keti ukitazame upya kilichobaki mkononi, huenda hujawahi kukitazama.